Siku moja, hesabu mbili: nani anatafuta kiti gani Maine 2026

Jumamosi moja kabla ya Krismasi nilikua kwa kinyozi pale Lisbon Street, Lewiston, nje theluji, ndani watu kumi wanasubiri viti viwili, mzee mmoja mwenyeji wa Uvira akanigeukia na swali ambalo nimeshaulizwa karibu mara kumi mwaka huu. "Sasa wewe mwalimu, mlisema huyu mama gavana muda wake umekwisha, mbona namuona kwenye televisheni anaomba kura?" Nikaanza kumjibu, jibu la kwanza likazaa swali la pili, la pili likazaa la tatu, kichwa changu kikanyolewa chote na bado hatujafika mwisho. Kwahiyo nimeona niandike, na nnachoandika hapa ni hali ilivyo huu mwisho wa Desemba 2025, maana siasa za hapa zinabadilika na mtu anaweza kujitoa kesho asubuhi.

Kwanza jina lenyewe, kwa walio mbali. Inaandikwa Maine inatamkwa kama "Mein", ipo juu kabisa kaskazini mashariki mwa Marekani, ukisogea kidogo uko Canada. Ni kubwa kwa eneo ila watu ni kama milioni 1.4 tu, yani jimbo zima ni kama robo tu ya Dar es Salaam. Na katika hao wachache tumo sisi, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Wasomali Wabantu, Waangola, Wakenya wachache na Watanzania wa kuhesabika. Lewiston Wasomali walianza kuja kwa wingi 2001, alafu Portland majira ya joto ya 2019 walifika mamia ya watu kwa mkupuo, wengi wao kutoka Congo na Angola, mpaka wakalazwa kwenye uwanja wa ndani wa basketi, Portland Expo. Waliokuja mapema wengi wao leo ni raia, wana kura, na hawataki kupiga kwa kufuata jirani.

Sasa uchaguzi wenyewe. Mchujo wa vyama ni Juni 9, 2026, uchaguzi mkuu Novemba 3. Vinavyogombewa ni kiti cha gavana, kiti kimoja cha useneta wa Washington, viti viwili vya Baraza la Wawakilishi huko huko Washington (Maine imegawanywa wilaya mbili za ubunge, kila moja kiti chake), na bunge zima la jimbo pale mji mkuu Augusta, wawakilishi 151 na maseneta 35, wote kwa pamoja kwa sababu muhula wao ni miaka miwili tu. Neno seneta linachanganya watu kila mara, kuna seneta wa Augusta na kuna seneta wa Washington, ni kazi mbili tofauti kabisa kama diwani na mbunge. Kila jimbo lina maseneta wawili wa Washington, na wa Maine ni Susan Collins na Angus King. King huyu hayupo kwenye karatasi ya 2026 maana alichaguliwa tena 2024, ila jina lake utalikuta na nitaeleza kwanini.

Turudi kwa swali la mzee. Gavana ni Janet Mills, Demokrati, mwanamke wa kwanza kushika ugavana wa Maine, alichaguliwa 2018 akarudi 2022. Katiba ya Maine inasema gavana anakaa mihula miwili mfululizo, basi, inabidi apumzike. Apumzike ugavana lakini, haijasema apumzike siasa. Oktoba 2025 akatangaza anataka useneta, kile kiti cha Collins. Kwahiyo mzee alikua sahihi na televisheni ilikua sahihi, muda wa ugavana unaisha na kura anaomba, ila kwa nyumba nyingine. Huyu mama umaarufu wake nje ya jimbo uliongezeka Februari 2025 alipokua ikulu na magavana wenzake, Trump akamvaa mbele ya watu kuhusu sheria ya wanamichezo waliobadili jinsia, na yeye akamjibu pale pale kwamba tutaonana mahakamani. Ile klipu ilizunguka mpaka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, watu ambao hawajawahi kujua gavana ni nani wakaanza kumuita mama jasiri.

Tatizo lake ni umri, na hapa sio umbea, wanachama wa chama chake wenyewe ndo wanalisema. Amezaliwa Desemba 1947, maana yake akishinda ataapishwa Januari 2027 akiwa na miaka 79, na hajawahi kutokea seneta mpya wa kuchaguliwa mwenye umri huo. Mwenyewe amesema atakaa muhula mmoja tu. Muhula mmoja wa useneta ni miaka sita lakini, piga hesabu.

Anayemsumbua kwenye mchujo anaitwa Graham Platner, mfugaji wa chaza kutoka kijiji cha Sullivan, alikua mwanajeshi, hajawahi kushika cheo kikubwa chochote. Agosti 2025 akaibuka na video, seneta Bernie Sanders akamuunga mkono, kumbi zikajaa. Alafu Oktoba yakafukuliwa mambo aliyokua anaandika mtandaoni miaka ya nyuma, maneno ya hovyo, na juu yake ikaonekana tatuu kifuani inayofanana na alama ya askari wa Hitler. Alisema aliichora akiwa kijana jeshini bila kujua maana yake na akaifunika kwa tatuu nyingine. Mtu ungedhani hapo habari imeisha, kule nyumbani Afrika mtia nia wa namna hio jina lingekatwa kwenye kikao cha kwanza, ila vyama vya Marekani havina kikao cha kukata majina, anayekata ni mpiga kura siku ya mchujo, na mikutano yake ikaendelea kujaa. Mimi sielewi kabisa, ila nimeshamuona mzungu fundi bomba akilia machozi akimsikiliza, kwahiyo kuna kitu anagusa ambacho vyama vimeacha kugusa.

Wote hao wanagombania nafasi ya kupambana na Collins, na huyo sasa ndo darasa la nini maana ya kutetea kiti. Ni Republican, amezaliwa Caribou kule juu kwenye mashamba ya viazi, yuko Seneti tangu 1997. Kwenye kampeni ya 1996 aliahidi atakaa mihula miwili tu, sasa anautafuta wa sita. (Ndio maana ahadi ya mama Mills ya muhula mmoja watu wanaitikia "sawa" huku wanacheka.) Collins ndo seneta pekee wa Republican kwenye majimbo sita ya kona hii ya kaskazini mashariki yanayoitwa New England na ndo Republican pekee Seneti anayewakilisha jimbo ambalo Kamala Harris alishinda 2024. Kwa hesabu za kawaida alitakiwa awe ameshaondoka zamani. 2020 kura za maoni karibu mwaka mzima zilisema mpinzani wake wa Demokrati, Sara Gideon, anamtoa, hela zikamwagwa kama maji, Biden akashinda Maine kwa pointi tisa, na siku ile ile, watu wale wale, Collins akapata asilimia 51 na Gideon 42. Yani kuna maelfu ya watu walimpa Biden kura alafu mkono ukasogea ukampa Collins.

Anafanyaje? Kuna mambo mengi ila kubwa ni kwamba tangu Januari 2025 ni mwenyekiti wa kamati ya matumizi ya Seneti, ile inayogawa hela za serikali, na jimbo dogo lenye bandari ndogo ndogo, uwanja wa meli za kivita pale Bath na hospitali za vijijini linajua thamani ya kua na mtu anayeshika kijiko kwenye sufuria. Pia hakosi kikao, hajawahi kukosa kura hata moja ya kuitwa majina tangu aingie. Wapinzani wake wanasema anatikisa kichwa, anasikitika, alafu anapiga kura na chama chake. Wanaompenda wanasema ndo mtu wa mwisho wa katikati aliyebaki. Wote wawili wanaangalia rekodi ile ile.

Kiti cha gavana kiko wazi na kikiwa wazi huku inakua kama nafasi ya kazi iliyotangazwa, kila mtu anatuma barua. Upande wa Demokrati kuna Shenna Bellows ambaye ni katibu wa jimbo, kuna Troy Jackson mkata magogo wa Allagash aliyewahi kua rais wa seneti ya Augusta, kuna Hannah Pingree aliyewahi kua spika, kuna daktari Nirav Shah ambaye wakati wa korona ndo alikua sura ya idara ya afya kila siku kwenye taarifa, na kuna Angus King wa tatu. Ndio, mtoto wa yule seneta. Na Hannah ni mtoto wa Chellie Pingree, mbunge wa Washington wa wilaya ya kwanza tangu 2009. Ukivuka kwa Republican unakuta Jonathan Bush, mfanyabiashara, binamu yake George W. Bush, pamoja na Bobby Charles na wengine kadhaa. Kwahiyo wale mnaosema watoto wa wakubwa ni ugonjwa wa Afrika, karibuni Maine.

Swali la mzee la pili lilikua kuhusu Bellows, na lilikua zuri. Katibu wa jimbo huku ofisi yake ndo inasimamia uchaguzi. Kwahiyo refa anacheza namba tisa? Kisheria inaruhusiwa. Kazi ya kupokea watu na kuhesabu inafanywa na makarani wa miji na vijiji, zaidi ya mia nne, na watu wa vyama vyote wamesimama wanaangalia, kwahiyo sio kwamba mtu mmoja ana funguo ya sanduku. Ila kwa mtu aliyetoka kwenye nchi zetu hio picha haikai vizuri na siwezi kumlazimisha ikae. Huyu Bellows ndo yule aliyeamua Trump aondolewe kwenye karatasi ya mchujo Desemba 2023, na uamuzi wake ukafutika Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu Machi 2024.

Alafu kuna Rick Bennett, na huyu mkumbukeni jina maana nitarudi kwake. Seneta wa jimbo, alishawahi kua mwenyekiti wa Republican hapa Maine, 2025 akahama chama, anagombea ugavana kama mgombea binafsi.

Wilaya ya pili, yani Lewiston, Bangor na misitu yote ya juu, mbunge ni Jared Golden, Demokrati, mwanajeshi wa zamani, ambaye anashinda mahali ambapo Trump anashinda, 2024 Trump aliichukua wilaya hio kwa pointi kama tisa na Golden bado akapenya kwa upenyo mdogo sana. Novemba 2025 akasema basi, hagombei tena, amechoka na siasa za chuki na vitisho kwa familia yake. Kwa Republican anayekitaka kiti hicho ni Paul LePage, gavana wa 2011 mpaka 2019, mtoto wa Lewiston hapa hapa aliyekulia umaskini na Kifaransa, mdomo wake hauna breki, na wahamiaji wengi wanamkumbuka kwa sababu alipigana miaka kukata misaada ya waomba hifadhi. Alijaribu kurudi ugavana 2022, Mills akampiga vizuri tu. Kwa Demokrati Matt Dunlap, mkaguzi wa hesabu wa jimbo, alikua ameshaingia kupambana na Golden kwenye mchujo, sasa mlango umeachwa wazi.

Hayo ni majina. Lakini majina sio sehemu ngumu. Sehemu ngumu, na ndo iliyofanya kinyozi asimamishe mashine, ni kwamba Novemba 3 utaingia kwenye kile kibanda mara moja, na kura zako zitahesabiwa kwa kanuni mbili tofauti. Useneta na ubunge wa Washington kwa kanuni moja, ugavana na bunge la Augusta kwa nyingine.

Kanuni ya kwanza ni ya kupanga. Wewe unamtuma mtoto sokoni unamwambia leta sangara, ukikosa sangara leta sato, ukikosa zote leta dagaa. Hujabadili mawazo, hujanunua samaki watatu, umetoa maagizo ya mapema tu ili mtoto asirudi mikono mitupu. Karatasi inakua na safu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, unaweka nukta kwa kila mtu kwenye safu yake. Wakihesabu namba moja za watu wote na kuna aliyevuka nusu, mchezo umeisha, safu nyingine hata hazitazamwi. 2020 Collins alivuka nusu kwahiyo hakukua na raundi ya pili. Kama hakuna aliyevuka, wa mwisho anatolewa, na wale waliomuweka namba moja kura zao zinahamia kwa namba mbili wao. Inaendelea hivyo mpaka wabaki wawili.

Watu wanakosea kwenye vitu vidogo. Kuna mtu anampenda mgombea wake sana anamuweka namba moja, namba mbili na namba tatu akidhani amempa kura tatu. Hapana, umempa moja, akitolewa karatasi yako imekufa naye. Na kuna mtu anaweka nukta mbili kwenye safu moja, mashine haijui ulimaanisha nani, hio nayo imekufa. Kumuweka mtu namba mbili hakumdhuru namba moja wako hata kidogo, hili nimelirudia mpaka sauti imekauka maana watu hawaamini, namba mbili yako haifunguliwi mpaka namba moja wako awe ameshatoka mchezoni. Na kama hutaki kumpanga mtu wa pili, acha, sio lazima.

Mfano ulio hai ni 2018 wilaya yetu hii ya pili. Mbunge aliyekua anatetea kiti ni Bruce Poliquin, Republican. Namba moja zilipohesabiwa Poliquin anaongoza, kama asilimia 46.3 kwa 45.6 za Golden, pengo la kura kama 2,000, na nyuma yao wagombea binafsi wawili waliokua na kura elfu ishirini na kitu. Hao wawili wakatolewa, kura zao zikasambaa kwa namba mbili zao, na Golden akamaliza mbele kwa kura kama 3,500. Uchaguzi ulikua Novemba 6, jibu lilipatikana Novemba 15. Poliquin akaenda mahakamani kwamba katiba imevunjwa, akashindwa. Ilikua mara ya kwanza Marekani nzima mbunge wa Washington anapatikana kwa hesabu hii, na mara ya kwanza tangu 1916 wilaya ile kumtoa mbunge anayetetea. Wenzetu wengi walilala Poliquin kashinda wakaamka wiki inayofuata Golden ndo mbunge, na kwa mtu aliyekulia mahali ambapo matokeo yanabadilika usiku, wewe fikiria mwenyewe alichowaza. Ndo maana naeleza kwa urefu. Kilichobadilika hakikua kura, kilikua ni kufungua safu ya pili ambayo watu wenyewe waliijaza siku ile ile.

Sasa kanuni ya pili, ya gavana. Hii ni ile ya mwenye nyingi ndo mshindi, hata kama nyingi zenyewe ni theluthi. Mtu atauliza, kama wananchi walipitisha ile ya kupanga, mbona haifiki kwa gavana? Kweli walipitisha, Novemba 2016 kwa kura ya wananchi wote. 2017 majaji wa mahakama ya juu ya Maine wakatoa maoni kwamba katiba ya jimbo inasema gavana na wabunge wa jimbo wanapatikana kwa wingi wa kura, nukta, sheria ya kawaida haiwezi kuishinda katiba. Kwa viti vya Washington katiba ya Maine haina hayo maneno. Kwa mchujo wa vyama nayo haigusi. Kwahiyo ikabaki vipande vipande: Juni kwenye mchujo utapanga kila kitu pamoja na ugavana, Novemba utapanga useneta na ubunge wa Washington tu. Bunge la Augusta lilijaribu kuichelewesha sheria nzima na Juni 2018 wananchi wakaikataa hio, siku ile ile waliyokua wanaitumia kwa mara ya kwanza. Na mchujo huo wa 2018 wa kupanga ndo uliompa Mills tiketi ya ugavana, walikua saba.

Na hayo maneno ya katiba yana hadithi ambayo kwa mtu wa Lewiston inachekesha. Zamani katiba ilitaka gavana apate zaidi ya nusu, asipopatikana bunge linachagua. 1878 hakupatikana, bunge likamchagua daktari mmoja wa hapa hapa Lewiston, Alonzo Garcelon, aliyekua ameshika nafasi ya tatu kwa wananchi. Wa tatu! Uchaguzi uliofuata ukavurugika, pande mbili kila moja ikasema bunge ni lake, watu wenye silaha wakazagaa Augusta, na Januari 1880 ikabidi jenerali Joshua Chamberlain, shujaa wa vita vya Gettysburg na gavana wa zamani, alinde jengo la bunge kama siku kumi na mbili mpaka majaji waamue. Baada ya hapo wakasema hatutaki tena habari ya nusu, mwenye nyingi achukue, wakaandika kwenye katiba. Waliikimbia vurugu, na miaka 137 baadaye maneno yao ndo yaliyofunga mlango.

Mzee wa Uvira aliposikia hapo akagonga mkono wa kiti. Congo tulifanya hivyo hivyo, akasema. Na ni kweli, 2006 Congo ilikua na raundi mbili, Kabila na Bemba, Januari 2011 wakarekebisha katiba ikawa raundi moja, na kwenye uchaguzi wa 2018 Tshisekedi akatangazwa mshindi kwa asilimia 38 na kitu. Tanzania nayo mwaka 2000 iliondoa sharti la rais kupata zaidi ya nusu. Kenya ndo wameshikilia nusu jumlisha moja, pamoja na robo ya kura kwenye zaidi ya nusu ya kaunti. Kwahiyo mkitaka kuwaeleza ndugu nyumbani, semeni gavana wa Maine anachaguliwa kama rais wa Congo wa leo, na seneta anachaguliwa kama vile raundi ya pili ya Kenya imefungwa ndani ya karatasi ile ile.

Matokeo yake yapo. 2010 ugavana uligombewa na LePage, mgombea binafsi Eliot Cutler, na Demokrati Libby Mitchell. LePage akachukua kwa asilimia kama 38, Cutler 36, Mitchell 19. Zaidi ya watu sita katika kumi hawakumchagua na akatawala miaka minne, akarudi 2014 tena Cutler yumo, akapita na 48. Ni hasira ya chaguzi hizo mbili ndo iliyosukuma ile kura ya 2016, na kiti kilichowakasirisha ndo kiti ambacho dawa haikufika.

Sasa ndo nawarudisha kwa Rick Bennett. Ukimpenda mgombea binafsi kwenye kiti cha useneta, hakuna hatari, muweke namba moja, muweke unayemvumilia namba mbili, lala usingizi. Ila kwenye ugavana hakuna namba mbili. Kura ya Bennett ni ya Bennett mpaka mwisho, na kama ataishia wa tatu, basi wewe hukushiriki kuamua kati ya wawili wa juu. Sisemi usimpigie, mimi mwenyewe kuna mambo yake nayapenda na mtu akiamini ni bora ampe, watu wa Maine walishawapa wagombea binafsi ugavana, huyo Angus King mzee alikaa 1995 mpaka 2003 bila chama. Nnachosema ni kwamba vidole vyako vitakua vimetoka kwenye karatasi ambayo hesabu ni ya aina moja kuingia kwenye hesabu ya aina nyingine ndani ya dakika moja, na hakuna mtu pale atakayekugonga bega kukukumbusha.

Mengine kwa haraka. Mwanasheria mkuu wa jimbo, katibu wa jimbo na mweka hazina hutawaona kwenye karatasi kabisa, Maine hawachaguliwi na wananchi, wanachaguliwa na bunge la Augusta kwa kura ya siri. Kwahiyo yule mwakilishi wako wa mtaa ambaye watu wanampuuza ndo anayekuchagulia mwanasheria mkuu. Na hao wawakilishi ndo nafasi zetu zilipo kwa kweli, 2022 Lewiston ilimpeleka Mana Abdi na South Portland ikampeleka Deqa Dhalac, Wasomali wa kwanza kwenye bunge la Maine. Kugombea huko sio lazima uwe na hela, tangu 2000 kuna mfuko wa umma, ukikusanya dola tano tano kutoka kwa watu 60 wa eneo lako kwa uwakilishi, au 175 kwa useneta wa jimbo, jimbo linakulipia kampeni.

Kujiandikisha unaweza hata siku yenyewe ya kupiga kura, nenda na ushahidi wa unapoishi na wa wewe ni nani. Mchujo wa Juni, kama hujajiunga na chama chochote, tangu 2024 unaruhusiwa kuchagua mchujo wa chama kimoja na kupiga bila kujiunga. Na jambo moja ambalo siwezi kuliacha, kwa wale ambao karatasi zao za hifadhi bado, au mna kadi ya kijani tu: msipige, msijiandikishe, hata kama mtu kwenye dawati la leseni za gari amekuuliza kwa upole kama unataka kujiandikisha. Sema hapana. Ni kosa linaloweza kukurudisha ulikotoka na hakuna atakayesikiliza kwamba hukuelewa Kiingereza.

Usiku wa Novemba 3 gavana pengine tutamjua kabla ya kulala, mwenye nyingi ametangazwa, imeisha. Useneta ukiwa na mtu wa tatu mwenye kura za maana, na ubunge wa huku kwetu, usishangae kesho yake ukasikia magari yanapita vijijini yanakusanya masanduku na vifaa vya mashine kuvipeleka Augusta, maana raundi za kupanga zinahesabiwa pale pale sehemu moja. Mzee ameniambia safari hii atakua kwa kinyozi siku hio hio, na atakayesema kura zimeibiwa atamueleza yeye, kwa samaki.